Homa isiyosikia dawa: limfoma ya watoto inapowasha kinga ya mwili kupita kiasi

Mtoto ana joto. Kwenye kituo cha afya TDR inaonyesha malaria, anapewa vidonge vya siku tatu, joto linashuka, kiisha linarudi. Anapelekwa hopitali, anawekewa damu, anapata nguvu siku mbili, halafu macho yanakuwa meupe tena na tumbo upande wa kushoto linakuwa gumu. Kalemie jambo kama hili si geni, na mara nyingi jibu lake linajulikana: malaria iliyorudi, tifoidi, kifua kikuu, au damu ya SS ambayo haijawahi kupimwa. Lakini mara chache joto hilo linatoka mahali pengine kabisa. Linatoka kwa limfoma, yaani saratani ya chembe nyeupe, ambayo imeamsha kinga ya mwili mpaka kinga yenyewe inaanza kumla mtoto.

Madaktari wanaiita hali hiyo HLH. Wale waliosoma kwa Kifaransa, na ndio wengi Kongo, wanasema pia SAM, yaani sindromu ya kuamka kwa makrofaji. Ni ugonjwa wa nadra. Sababu ya kuuandikia ukurasa mzima ni mbili. Ya kwanza, unafanana na malaria kiasi cha kudanganya hata macho yaliyozoea, na usipotibiwa unaua kwa muda wa wiki. Ya pili ni ya ajabu kidogo: dawa inayouzima, deksametazoni, ile watu wanayoiita dexa, ndiyo hiyo hiyo inayoweza kuuficha ikitolewa mapema bila mpango.

Askari wasiojua kuacha

Mwilini kuna chembe ambazo kazi yao ni kuua: chembe T na chembe NK. Zikikuta chembe yenye virusi au chembe ya saratani, zinaitoboa kwa protini inayoitwa perforini, zinaingiza sumu ndani, adui anakufa, na vita inaisha. Kuisha huko ni kwa lazima. Adui asipokufa, chembe T zinaendelea kupiga kelele kwa kutoa sitokini, yaani kemikali za kuitana. Sitokini zinaamsha makrofaji, wale walaji ambao siku za kawaida wanafagia chembe zilizozeeka. Safari hii makrofaji wanajaa ndani ya bandama, ini na uboho wa mifupa, na wanameza chembe ambazo bado nzima: nyekundu, nyeupe, na plaketi zinazogandisha damu.

Ndiyo maana damu ya mtoto inakwisha bila mtu kuona inapotokea. Ndiyo maana pia joto halishuki, bandama na ini vinavimba, mafuta yanapanda ndani ya damu, na fibrinojeni, protini ya kugandisha damu, inashuka. Mtoto anaanza kutoka madoa mekundu kwenye ngozi, ao damu puani. Ugonjwa ukifika kwenye ubongo anaweza kupatwa na kifafa, kulegea, au kulala usingizi usio wa kawaida.

Kuna njia mbili za kufika huko. Moja ni ya kuzaliwa nayo. Mwaka 1952 madaktari Farquhar na Claireaux wa Edinburgh, Uskoti, walieleza watoto wa familia moja waliokufa kwa ugonjwa huu, na mwaka 1999 wanasayansi wakagundua kwamba katika baadhi ya familia jini la perforini ndilo lililoharibika. Umbo hilo linajionyesha zaidi kwa watoto wachanga. Njia ya pili ni ya kuwashwa na kitu: maambukizi makali, magonjwa ambayo mwili unajishambulia wenyewe, au saratani. Kati ya saratani, limfoma ndizo zinazoongoza, hasa zile za chembe T na NK, ile ya chembe kubwa inayoitwa anaplastiki, na ya Hodgkin. Limfoma ya Burkitt, ambayo ndiyo inayojulikana zaidi Afrika ya kati na mashariki, inaweza kuwasha HLH lakini ni mara chache zaidi. Na nyingi ya limfoma hizo zina mgeni mmoja ndani yake: virusi vya Epstein-Barr.

Habari iliyoanzia Kampala

Virusi hivyo vilijulikana kwa sababu ya watoto wa eneo hili. Mwaka 1957, hospitali ya Mulago, Kampala, daktari mpasuaji Denis Burkitt aliitwa kumwangalia mtoto aliyevimba mataya, kushoto na kulia, juu na chini. Hakuelewa. Baada ya muda mfupi akaona mwingine Jinja, mwenye mataya vile vile na uvimbe ndani ya tumbo. Alifungua madaftari ya hospitali, akakuta kwamba mataya yale na matumbo yale, ambayo kila mtu aliyaandika kama magonjwa tofauti, yalikuwa ugonjwa mmoja. Aliuandika mwaka 1958. Mwaka 1961 yeye na wenzake wawili, Ted Williams na Cliff Nelson, walipanda gari la mitumba wakasafiri maili 10,000 kwa muda wa wiki 10, kutoka Uganda mpaka Afrika Kusini, wakiuliza kila hopitali: hapa mnawaona watoto wa namna hii? Jibu lilichora ramani. Ugonjwa ulikaa penye joto na mvua, ukakosekana milimani na penye baridi. Ramani yake ilifanana na ya malaria.

Desemba 1963 kipande cha uvimbe wa mtoto wa Uganda kilipelekwa London kwa ndege. Ukungu uliifanya ndege itue Manchester, na chupa ilipofika maabara maji yake yalikuwa yamechafuka. Mtu mwingine angeimwaga, kwa kudhani ni bakteria. Anthony Epstein alitazama tone moja kwenye hadubini na kuona chembe hai za limfoma zikielea. Mwaka 1964 yeye, Bert Achong na Yvonne Barr wakatangaza virusi walivyoviona ndani ya chembe hizo.

Leo inajulikana kwamba karibu kila mtu duniani anavibeba virusi hivi, na katika sehemu zenye malaria nyingi mtoto anavipata angali mdogo sana, kwa mate. Kwa walio wengi havifanyi kitu. Malaria inayorudi rudi inachosha chembe T zinazovilinda, na inazichokoza chembe B zinazovihifadhi zizaane sana. Katika kuzaana huko kosa la jini linatokea, na limfoma ya Burkitt inaanza. Kwa hiyo chandarua mlangoni mwa ziwa Tanganyika kinafanya kazi kubwa kuliko ile ya kuzuia homa ya leo.

Kinachofanana na kinachotofautisha

Tangu mwaka 2004 madaktari wa dunia nzima wanatumia orodha ya alama 8, na mtoto akifikisha 5 anahesabiwa kuwa na HLH. Ni joto la kufika 38.5, bandama kubwa, kupungua kwa aina mbili au zaidi za chembe za damu (hemoglobini chini ya 9, plaketi chini ya 100,000, neutrofili chini ya 1,000), trigliseridi kufika 265 kwa desilita au fibrinojeni kuwa 150 au chini, feritini kufika 500, makrofaji kuonekana kwenye uboho wakimeza chembe, na vipimo viwili vya chembe NK na vya chembe T ambavyo vinataka maabara kubwa za kipekee.

Orodha hii ilitengenezwa na watu ambao hawaishi na malaria. Mtoto mwenye malaria kali ana joto, ana bandama, ana hemoglobini ya 5 na plaketi ya 60,000, na feritini yake inapita 500 bila shida. Hizo ni alama 4 tayari, na trigliseridi ikipanda, kama inavyopanda kwa malaria, ni 5. Mtu akifuata orodha kwa macho mafungo atawaita nusu ya wodi wagonjwa wa HLH. Akiitupa, atamkosa yule mmoja aliye nayo kweli.

Kinachosaidia zaidi ni muda. Malaria iliyopewa dawa nzuri inabadilika ndani ya siku tatu mpaka tano: vimelea vinatoweka, joto linashuka, mtoto anaomba chakula. HLH inakwenda upande mwingine. Kipimo cha tone la damu kimekuwa safi, lakini joto liko pale pale, na NFS ya leo ni mbaya kuliko ya juzi. Damu aliyowekewa Jumatatu imekwisha Alhamisi. Ndiyo sababu karatasi za labo hazipashwi kutupwa. Karatasi tatu za NFS zikipangwa kwa tarehe zinasema kitu ambacho karatasi moja haiwezi kusema.

Kuna kipimo kimoja cha bei ndogo ambacho labo nyingi zinakifanya na wengi wanakidharau: VS. Kwa maambukizi na kwa saratani ya kawaida VS inapanda. Kwa HLH fibrinojeni inakwisha, kwa hiyo VS inaweza kushuka wakati mtoto anazidi kuwa mgonjwa na CRP yake iko juu. VS ya 8 kwa mtoto mwenye joto la wiki mbili si habari njema. Feritini nayo, mahali inapopimwa, inafaa kusomwa kwa ukubwa wake: 800 haisemi mengi, zaidi sana kwa mtoto wa SS au aliyewekewa damu mara nyingi, lakini ikipita 10,000 kwa mtoto, HLH inapashwa kufikiriwa siku hiyo hiyo.

Kiisha kutafuta limfoma yenyewe. Vidole kwanza: shingoni, kwapani, kwenye nyonga, mataya, macho yaliyotokeza. Meno yanayolegea kwa mtoto ambaye umri wake haujafika wa kung'oka ni alama ya Burkitt, na watoto wengi wameng'olewa meno mawili matatu kabla mtu hajaangalia taya. Ekografi inaonyesha tezi za ndani ya tumbo, figo zilizovimba, ovari. Uboho unachukuliwa kwenye mfupa wa nyonga. Kutoona makrofaji wanaokula chembe si ushahidi kwamba HLH haipo, maana siku za mwanzo mara nyingi hawaonekani. Maji ya mgongo pia yanapimwa, ila si kabla ya kuinua plaketi.

Jambo moja linawachanganya hata wanafunzi wa udaktari. Nyama ya Burkitt chini ya hadubini inaitwa anga yenye nyota, na zile nyota ni makrofaji. Hao ni wafagiaji wa kawaida, wanakusanya chembe za saratani zilizokufa. Kuwaona humo si kuona HLH.

Dexa

Hapa ndipo mambo yanapoharibikia. Dexa inauzwa kwenye farmasi kama vile paracetamol. Inashusha joto lolote, inarudisha hamu ya kula, na watu wazima wengine wanaimeza ili wanenepe. Mtoto mwenye homa isiyoisha akipigwa sindano mbili tatu za dexa anaamka kitandani. Familia inashukuru, inarudi nyumbani.

Lakini dexa inaua pia chembe za limfoma, ila si zote. Tezi inanywea, uvimbe wa taya unapungua, na biopsi ikichukuliwa wiki hiyo mtaalamu anaweza kukuta nyama iliyokufa tu, bila kujua ilikuwa nini. Uboho nao unaweza kuonekana safi. Baada ya wiki chache ugonjwa unarudi, na chembe zilizorudi ni zile zilizoizoea dawa. Kuna hatari nyingine ya karibu zaidi: limfoma ya Burkitt inakua haraka kupita saratani zote za binadamu, inaweza kujizidisha mara mbili kwa siku moja au mbili, na chembe zake zikifa nyingi kwa pamoja zinamwaga potasiamu na asidi uriki ndani ya damu. Figo zinaziba. Mtoto anaweza kufa kwa dawa iliyofanya kazi.

Kwa hiyo utaratibu ni huu: kama mtoto anaweza kuvumilia, nyama au uboho unachukuliwa kwanza, hata saa moja kabla, na dexa inaanza baadaye, na maji ya mshipa na alopurinoli pamoja. Kama hawezi kuvumilia, kwa mfano ameingia kwenye usingizi mzito au anatoka damu, dexa inaanza bila kungoja, kwa sababu HLH itamuua kabla ya jibu kurudi. Uamuzi huo ni wa daktari aliyesimama kando ya kitanda, na ni mgumu. Usifanywe kwenye kaunta ya farmasi.

Biopsi yenyewe si lazima imngojee mtoto asafiri. Kipande kidogo kilichowekwa ndani ya formalini ya asilimia 10 kinaweza kupanda ndege mtoto akiwa bado anawekewa damu. Vioo vya sindano nyembamba vilivyokaushwa vizuri vinasafiri pia. Muhimu ni kuandika juu yake jina, tarehe, sehemu kilipotolewa, na kama mtoto aliwahi kupewa dexa, hata sindano moja tu. Wazazi wakiulizwa wanapashwa kusema kweli, na anayeuliza asiwagombeze, la sivyo hawatasema.

Matibabu, na njia ya kuyafikia

Kabla ya miaka ya 1990 watoto wengi mno wenye HLH walikufa ndani ya mwaka mmoja. Mpango ulioanzishwa mwaka 1994 chini ya Jan-Inge Henter wa Stockholm ulibadilisha habari: dexa miligramu 10 kwa kila mita ya mraba ya mwili kwa wiki mbili, kiisha nusu yake, kiisha nusu tena, mpaka wiki ya 8, pamoja na etoposidi, dawa ya saratani inayoua zile chembe T zilizokataa kunyamaza. Kati ya watoto 249 waliofuatiliwa, asilimia 54 walikuwa hai baada ya miaka mitano. Wengi wao walikuwa na HLH ya namna nyingine, si ya saratani. Palipo na limfoma hali ni nzito zaidi, na dozi zinapangwa upya kwa kila mtoto.

Kwa sababu HLH ya limfoma ni moto wenye kuni. Dexa na etoposidi zinapunguza miali mpaka mtoto apate nguvu ya kubeba kemoterapia, lakini limfoma isipotolewa, moto unarudi. Kwa Burkitt wanaanza na wiki moja ya dozi ndogo, siklofosfamidi, vinkristini na prednisoni, ili figo zisishtuke, kabla ya kuingia kwenye dozi kubwa na sindano za metotreksati mgongoni. Siklofosfamidi ni dawa ya zamani. Kazi iliyofanywa nayo Kampala, kwenye kituo cha limfoma kilichofunguliwa Mulago mwaka 1967 pamoja na John Ziegler, ni kati ya mifano ya kwanza duniani ya saratani kupona kwa dawa peke yake. Dexa, etoposidi, siklofosfamidi, vinkristini na metotreksati zote ziko kwenye orodha ya dawa za lazima ya OMS. Si dawa za anasa.

Shida ni mahali. Kutoka Kalemie mpaka Lubumbashi ni zaidi ya kilomita 600 kwa mstari wa ndege, na barabara na reli zinajulikana zilivyo. Lubumbashi na Kinshasa zina vitengo vya saratani ya watoto vilivyo ndani ya GFAOP, kundi la madaktari wa Ufaransa na Afrika lililoanza mwaka 2000. Ng'ambo ya ziwa, kutoka Kigoma, njia inaelekea Bugando huko Mwanza au Muhimbili huko Dar es Salaam. Familia zenye ndugu upande huo zinaifikiria, ila meli, makaratasi ya mpaka na bei ya matibabu kwa mgeni vinapashwa kuulizwa kwa simu kabla mtoto hajapandishwa.

Mtoto asisafirishwe na plaketi ya 15,000 na hemoglobini ya 4 kwa matumaini ya kufika. Anawekewa damu kwanza, ndugu wanaotoa damu wanatafutwa mapema, anapewa antibiotiki, malaria inatibiwa hata kama si yenyewe iliyoleta yote. Barua ya daktari, karatasi zote za NFS, picha za ekografi na namba ya simu ya kitengo kinachompokea vinakaa kwenye mfuko wa yule anayembeba, si kwenye valizi. OMS imeweka lengo, tangu 2018, kwamba kufika 2030 walau asilimia 60 ya watoto wenye saratani duniani wapone, na Burkitt ni moja ya saratani sita ilizochagua kuanza nazo. Katika nchi tajiri wanapona zaidi ya asilimia 80. Katika nchi maskini wengi wanapotea kabla ya kupewa jina la ugonjwa, wengine wanaacha dawa katikati kwa sababu tezi imeisha na pesa ya kulala mjini imeisha pia. Ni afadhali familia ihesabu tangu mwanzo miezi kadhaa mbali na nyumbani, na mtu wa kubaki na watoto wengine.

Wakati wa kemoterapia mtoto hapati chanjo zenye virusi hai, kama ya surua, ambayo Tanganyika inaijua vizuri. Ndugu zake wanaoishi naye wanapashwa kuchanjwa surua, ili wasimletee. Kwa matone ya polio daktari wake aulizwe kwanza, na timu ya chanjo inayopita nyumba kwa nyumba iambiwe kuna mgonjwa ndani. Joto lolote wakati huo ni safari ya hopitali saa hiyo hiyo, usiku au mchana, bila kupitia farmasi.

Burkitt ikirudi, mara nyingi inarudi ndani ya mwaka wa kwanza. Kwa hiyo baada ya matibabu mtoto anapimwa bandama, tezi, NFS na feritini kwa ratiba anayopewa, kwanza kila mwezi, kiisha kwa nafasi kubwa zaidi. Akirudi Kalemie vipimo vingi kati ya hivyo vinaweza kufanyika hapa, na majibu kutumwa kwa simu kwa daktari aliyemtibu.